Kupanda Mawe kwa Pumzi ya Kupoza Uji

Mabinti na vijana mnaobanika samaki kule mwaloni, ufukweni inapotua mitumbwi, shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale ambao bado hawajanisalimia. Marahaba. Nasikia mnaambiana kwamba Bibi Tatu aliacha moto kwa sababu ya uzee. Uzee gani? Niliacha moto kwa sababu ulikuwa unanimaliza: ulianza na kope, ukaja kwenye macho, ukaishia kwenye mapafu. Sasa kaeni niwaeleze. Nitawaeleza kazi yetu, na nitawaeleza jinsi nilivyoshindana na mwanangu Hamisi kwa ajili ya nyumba yangu, silaha zangu zikiwa simu, kibanio cha kidoleni, na mdomo huu huu mnaouogopa.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Shule yangu ilikuwa ya usiku, ile ya watu wazima, nikiwa na watoto watatu nyumbani na mmoja tumboni. Nilikuwa natoka kwenye moto naingia darasani moja kwa moja, nanukia sangara kiasi kwamba paka wa mtaa mzima walinifuata wakajipanga mlangoni. Mwalimu akiwaona alikuwa anasema, "Tatu, wenzako wamefika, tuanze." Ninaamini kabisa wale paka wangepewa mtihani wangefaulu, na mmoja, yule wa madoa, angeweza hata kunipita mimi kwenye hesabu.

Aliyenifundisha kubanika ni Bibi Kwandu, Msukuma aliyetoka Magu na jembe begani, akaliona ziwa, akaliweka jembe chini na hakuliokota tena. Alikuwa mwanamke mkubwa. Akisimama upande wa magharibi wa tanuri, kwetu sisi jua lilikuwa linazama mapema.

Siku yangu ya kwanza nilifikiri moto mkubwa ndiyo kazi kubwa. Nikasukuma kuni kama mtu anayefukuzwa. Sasa ninyi mnajua, sangara ana mafuta. Moto ukizidi, mafuta yanadondoka, moto unaruka juu ya uchanja wa waya, na kabla hujasema bismillahi unabaki na makaa yenye macho. Bibi Kwandu hakunifokea. Alichukua kipande kimoja, akakigonga kwenye jiwe, kikalia ko, ko, ko.

"Mayu," akaniambia, maana Wasukuma humwita hivyo mama yeyote kwa heshima, hata akiwa mama mjinga kama mimi siku ile. "Hiki tutampa nani? Fundi viatu?"

Akanikalisha chini akanifundisha upya. Samaki aliyetiwa chumvi umwache mpaka ngozi ikauke, ukimgusa asikushike kidole. Kuni za mkaratusi usizikaribishe, zinampa samaki ladha ya dawa ya mafua. Na moto haulishwi kwa hasira. Ukipuliza kwa nguvu, majivu yanapanda yanakaa juu ya samaki, mteja anatafuna kama anakula ukuta. Usipopuliza, moto unalala, moshi unakuwa mchungu.

"Vuta kwa pua," alisema Bibi Kwandu. "Kunja midomo kama unataka kupiga mluzi. Achia taratibu, mpaka mwisho. Unapoza uji wa mtoto. Uji usimwagike, na mtoto usimtemee mate."

Nilichukua msimu mzima kuijua pumzi ile. Nilipoijua, nilikuwa naweza kupuliza moto wa huku Mwanza ukawaka Ukerewe.

Jioni, kazi ikiisha, kila mmoja wetu alikunywa kikombe cha maziwa. Tuliambiana maziwa yanakata moshi. Nani alituambia? Hakuna anayejua, na wala hatukuuliza. Mimi nimekunywa maziwa mpaka nadhani ng'ombe wote wa Usukuma wananijua kwa jina. Daktari aliponisikia nikimweleza hilo, miaka mingi baadaye, alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Mama," akasema, "maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Havikutani popote." Nawaambia hilo kwa sababu juzi nimesikia kuna kijana wenu mmoja bado anapitisha jagi. Maziwa kunyweni, ni matamu. Ila msiyape kazi isiyo yake.

Pumzi yangu haikuondoka siku moja. Ilihama kidogo kidogo, leo imechukua kiti, kesho imechukua kitanda. Kwanza nilishindwa kuimba nikiwa nabeba kuni. Halafu nikashindwa kuongea nikiwa nabeba, na watu wakasema Tatu ameanza maringo. Halafu nikaanza kusimama njiani nikijifanya natazama ziwa. Nililitazama ziwa lile mwaka mzima bila kuona kitu.

Maana nyumba yangu, kwa wasiofika, iko mlimani Mabatini, juu ya mawe. Pikipiki inaishia chini dukani. Kutoka pale ni miguu: mawe mengine tumeyatengenezea vidato kwa saruji, mengine yamebaki kama Mungu alivyoyaacha. Kuna jiwe la kwanza tunaliita Kobe, la kati Mkate, na la juu kabisa Ng'ombe, kubwa, limelala njiani na halimpishi mtu. Ukishalipita Ng'ombe kuna ngazi za mwisho, zimesimama wima kama ukuta, na juu yake ni mlango wangu wa buluu. Bati za nyumba ile nilizinunua kwa samaki. Nikikaa mlangoni pangu naliona ziwa lote, na siku hewa ikiwa safi naona mtu wa Uganda anakunywa chai, na sukari aliyotia.

Siku niliyoshindwa kabisa, vijana wanne walinishusha nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kama kabati linahamishwa. Mmoja akawa anasema, "Inua upande huo! Usigonge kona!" Kona ilikuwa kiwiko changu. Nilitaka kumjibu, sikupata pumzi. Mimi! Tatu! Kukosa jibu! Hapo ndipo nilipojua kwamba naumwa.

Hamisi alinipeleka kwake Buswelu. Ni mwanangu wa kwanza, anafanya kazi kiwandani Nyakato, ana moyo mzuri na kichwa kigumu, na vyote viwili amevitoa kwangu. Hospitali walipima makohozi wakasema si kifua kikuu. Wakanipulizisha kwenye mrija wa mashine. Nikadhani nitaionyesha kazi, mashine ikanionyesha mimi. Daktari akasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zimebana kwa moshi wa miaka mingi, na zilizoharibika hazirudi kuwa mpya. Akanipa dawa za kuvuta kwa mdomo. Halafu akasema neno ambalo Hamisi hakulipenda: mazoezi.

"Mazoezi?" Hamisi akasema tukiwa tunarudi. "Mtu hana pumzi, halafu akimbie? Mama, wewe kaa. Kwangu tambarare, choo kiko ndani, Rehema anapika. Hutakanyaga jiwe tena."

Rehema ni mkewe. Anapika vizuri sana, ndiyo maana nilikaa. Nilikaa mpaka kiti kikachukua umbo langu. Siku moja nikamsikia Hamisi anaongea na mtu kwenye simu uani: amempata mpangaji wa nyumba ya Mabatini, mwalimu mmoja mwenye miguu mizima, anataka ufunguo.

Nikamwita. "Hamisi. Nyumba ile ni ya nani?"

"Yako, mama. Ila huwezi kuifikia. Sasa ibaki na popo?"

"Nikiifikia?"

"Kwa kubebwa?"

"Kwa miguu yangu."

Akanitazama pale kitini, akatazama umbali wa kutoka kitini mpaka mlangoni, ambao siku hizo nilikuwa naupumzikia mara mbili. "Mama," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi, "harusi ya Zuhura inakuja. Ndugu wote watakuwepo. Siku ya pili yake, ukipanda mwenyewe mpaka mlango wa buluu bila mtu kukushika, ufunguo wako, na mimi sitafungua mdomo tena. Ukishindwa, mwalimu anaingia, na wewe unakaa hapa kwa raha. Tumekubaliana?"

Rehema alikuwa mlangoni na mwiko. "Nimesikia," akasema. "Mimi shahidi."

Kesho yake nilirudi hospitali kutafuta yale mazoezi.

Nikapewa Suzana. Suzana ndiye mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa pale, binti mwembamba kama mche wa mpunga, mwenye sauti ya kiranja. Alinitembeza kwenye korido, akanihesabia, akaniuliza nataka nini. Wengine, aliniambia baadaye, hujibu wanataka kupona. Mimi nikamwambia nataka kupanda mpaka kwenye mlango wangu wa buluu.

"Hilo naweza kulipangia," akasema. "Ila kuja hapa kila mara kutoka Buswelu utachoka na safari kabla ya zoezi. Tutafanyia nyumbani. Una simu?"

"Ninayo."

Nikamtolea kitochi changu cha vitufe. Alikigeuza geuza kama anatafuta mlango wa kuingilia. Ikabidi Hamisi anipe simu janja yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Anapinga safari lakini anatoa viatu, ndivyo alivyo huyo mtoto. Suzana akaweka humo programu ya mazoezi. Akanipa na kibanio kidogo, unakibana kwenye kidole kama kibanio cha nguo, kinawasha taa nyekundu na kukuonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Akaniandikia namba: ikishuka chini ya hapa, kaa, isipopanda, piga simu, ukiona midomo inageuka rangi au huwezi kumaliza sentensi, usinipigie mimi, njoo hospitali. Wenzangu mtakaoumwa kifua, msichukue mazoezi yangu kwenye karatasi hii mkayafanya kesho. Namba ile aliniwekea mimi baada ya kunipima mimi. Kapimweni mpewe yenu.

Basi kila asubuhi simu inaniuliza: pumzi yako leo ikoje? Inakupa sura za kuchagua. Ya kwanza inacheka. Ya mwisho imekunjamana kama mtu aliyeuziwa sangara mbovu. Ukishajibu, anatokea mwanamke wa mle ndani anayehesabu. Hana jina, hana haya, hachoki. "Inuka," anasema. "Kaa. Inuka. Kaa."

"Ngoja kwanza, mwanangu," namjibu.

"Kaa."

"Sijainuka bado!"

Wiki ya kwanza tuligombana mpaka Rehema akadhani nina mgeni.

Kitu kilichonishinda kuelewa ni kwa nini mtu asiye na pumzi aitumie hiyo kidogo aliyonayo. Suzana alinieleza kwa simu ya video, mimi nikiwa nimeshika simu vibaya anaona dari tu.

"Bibi Tatu, ukiishiwa pumzi unafanya nini?"

"Nakaa."

"Na miguu inafanya nini?"

"Inakaa na mimi. Itakwenda wapi?"

"Ndiyo shida. Ikikaa sana inasahau kazi, inakuwa dhaifu. Siku ukiinuka, mguu dhaifu unadai hewa nyingi kuliko mguu wenye nguvu. Unaishiwa mapema, unakaa tena. Mapafu siwezi kukupa mapya. Miguu naweza."

Hapo nikaelewa. Mwaka mzima nilikuwa nimeunyima moto kuni kwa sababu umefifia.

Halafu akaniambia sasa anifundishe kupumua. Nikajiweka tayari, nikidhani ni jambo la kisomi. Akasema, "Vuta kwa pua. Kunja midomo kama unataka kupiga mluzi. Achia taratibu, muda mrefu kuliko ulivyovuta." Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka Suzana akainuka kitini. Nilipotulia nikamwambia habari za Bibi Kwandu na uji. Pumzi ile nilikuwa nayo miaka yote, nilikuwa naumwagia moto, sikujua kwamba naweza kujipa mwenyewe.

"Basi tuite hivyo hivyo," Suzana akasema. "Ukipanda kidato, poza uji."

Makosa? Nilifanya ya kutosha kujaza gunia. Kuna wiki Suzana alinipigia amefurahi kweli. "Bibi Tatu! Umekwenda wapi jana?"

"Sijatoka uani."

"Simu inasema umetembea kama mtu aliyekwenda Magu kwa mguu!"

Akaitazama tena ile hesabu.

"Simu ilikuwa wapi?" akauliza.

"Kiunoni, nimeifunga kwenye kanga."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kinu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda natwanga kisamvu cha watu wanaoanza kuja kwa ajili ya harusi, natwanga kidogo, napoza uji kidogo. Kila mchi ukishuka, simu ikahesabu hatua. Kisamvu kilikuwa kimefika Magu, mimi bado niko Buswelu. Suzana alisema kutwanga ni zoezi zuri la mikono na niendelee, ila nisimdanganye tena kuhusu miguu. Kutoka siku hiyo nikiingia kwenye kinu simu inabaki dirishani.

Kosa lililoniumiza hasa lilikuwa jingine, na ninyi peke yenu ndio mtakaolielewa. Jirani aliwasha kuni uani kwake, kuni mbichi, nikasikia zinalia vibaya. Mnajua zinavyolia. Nilivumilia. Nikavumilia tena. Mwisho nikainuka nikaenda kuwafundisha. Nimeinama juu ya moto wa watu, nimeingiza kichwa kwenye moshi, napanga kuni moja moja na kuwasimulia habari za Bibi Kwandu. Moto ulitulia vizuri sana, mngeusifu. Kesho yake nilibonyeza ile sura iliyokunjamana, na kabla ya mchana nilikuwa hospitali.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimerudi nyuma kabisa, kwenye kiti. Inuka, kaa, basi. Hamisi akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, inatosha. Mwalimu anasubiri ufunguo."

"Na mimi nausubiri."

"Unajiua."

"Nilijiua kwenye moshi, Hamisi. Hapa najifufua. Sogea kidogo, unamziba yule mwanamke anayehesabu."

Tukaanza tena. Suzana alipunguza kila kitu, halafu akaongeza kidogo kidogo. Niliinua chupa za maji zilizojaa mchanga. Nilitembea mpaka kwenye kona, halafu mpaka kwenye mwembe wa pili, halafu mpaka msikitini na kurudi. Jirani mwingine alikuwa na msingi wa nyumba aliouacha, una vidato vya tofali mbele. Nikaufanya mlima wangu. Napanda, nashuka. Suzana alinifundisha jambo ambalo mtu wa mwaloni hulipinga kwa tabia: pumzika kabla hujachoka. Sisi tumezoea kupumzika tukianguka. Nilijifunza kusimama nikiwa bado nina pumzi ya kutukana mtu, kwa sababu pumzi hiyo ndiyo ya kuanzia tena. Hata bando la intaneti likiisha niliendelea, maana yule mwanamke alishakaa kichwani mwangu, akawa ananihesabia hata nikiwa naoga.

Harusi ikafika. Zuhura, mjukuu wangu, mtoto wa Hamisi, alikuwa mzuri siku hiyo kiasi kwamba ndege walisahau kuruka. Kuna kina mama walikuja na hina na piko, ile nyeusi tii, wakatupamba wanawake wote wa nyumba. Mimi nilipambwa mikono yote miwili, maua mpaka kwenye viwiko, na ncha za vidole zikachovywa nyeusi pamoja na kucha, kama nimerudi kwenye masizi yangu ya zamani. Walitaka na miguu, nikakataa, maana kukaa na miguu juu kunanibana kifua. Kumbukeni hiyo miguu.

Asubuhi ya pili yake ndiyo siku yenyewe. Ndugu wamejaa uani. Nimevaa raba, nimevuta dawa yangu, najisikia mwepesi. Nikabana kibanio kidoleni. Kikafikiri. Kikaonyesha namba ya chini, chini sana ya ile aliyoniwekea Suzana.

Hamisi alikuwa nyuma ya bega langu. Sikumwona usoni, lakini nilisikia pumzi yake ikitoka, na haikuwa ya furaha. Nadhani na yeye, moyoni, alikuwa anataka nipande.

"Basi, mama," akasema. "Mashine imesema. Hatuendi."

Nikabadilisha kidole. Ile ile. Kingine: mistari mitupu. Nikapiga simu ya video kwa Suzana.

"Bibi Tatu, nionyeshe uso. Karibu. Nionyeshe midomo. Haya, nieleze ulikula nini jana, usikatize."

Nikamweleza pilau, kachumbari, nyama, ndizi, na nani alibeba sahani tatu, yote kwa mkupuo mmoja.

"Sentensi unamaliza," akasema. "Midomo mizuri. Sasa nionyeshe mikono."

Nikainua mikono. Suzana akashika kichwa. "Hiyo ni piko?"

"Ya harusi."

"Mpaka kwenye kucha! Bibi, ile taa inapita kwenye kidole kusoma damu. Weusi huo unaikatiza. Hapo karibu kuna mtu mzima wa afya aliyepakwa kama wewe?"

Tukambana Rehema. Rehema ambaye jana amebeba masufuria ya watu wote, anayeweza kubeba jiko likiwa linawaka. Kibanio kikafikiri, kikaonyesha namba mbaya kuliko yangu.

"Yesu na Maria!" akasema shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, wakati sisi wengine tukisema innalillahi. "Huyu amekufa jana!"

Wakambana Hamisi, asiye na hina: namba safi kabisa. Uani wote wakaanza kucheka, ila Suzana hakucheka. "Sitakuruhusu upande kwa kubahatisha," akasema. "Nataka namba. Miguu wamekupaka?"

Nikavua raba. Nilikaa pale mbele ya ukoo mzima, Hamisi amepiga magoti anausugua mguu wangu upate joto kama Suzana alivyomwagiza, halafu akabana kidole cha pili cha mguu, maana dole gumba halikuingia. Tukasubiri. Namba ikaja. Ikatulia. Ilikuwa juu ya mstari.

"Panda," Suzana akasema. "Dawa mfukoni, pumzika kila jiwe, ukiniona sipatikani na unajisikia vibaya, unashuka. Umesikia, Bibi?"

"Nimesikia."

"Hamisi, umesikia?"

"Nimesikia, daktari," akasema Hamisi, bado ameshika mguu wangu.

Pale chini dukani Mabatini, majirani zangu walishatoka. Habari ilikuwa imenitangulia. Nikaanza. Kidato kimoja, uji. Kidato kimoja, uji. Vuta kwa pua ukiwa umesimama, achia ukiwa unapanda. Kwenye Kobe nilipumzika nikiwa bado sijachoka, na kijana mmoja akasema, "Bibi ameishiwa tayari!" Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu, lakini nilikuwa na pumzi ya kukimaliza. Kwenye Mkate nilikaa, tukavua raba tukapima tena, majirani wakidhani nimepatwa na mwiba. Hamisi alikuwa nyuma yangu kidato kimoja, mikono ameitanguliza kama anayedaka kuku. Hakunigusa.

Kwenye Ng'ombe mambo yakawa magumu. Niliegemea jiwe. Kifua kilikuwa kimejaa, na zile ngazi za mwisho zilikuwa zimerefuka tangu niondoke, naapa mtu alikuwa ameongeza nyingine. Nikapoza uji. Haukupoa. Nikapoza tena. Mlango wa buluu niliuona juu, rangi imebanduka, na Hamisi, pale nyuma yangu, aliona ninavyoutazama.

"Mama," akasema taratibu. "Umefika mbali. Nikushike mkono tu. Sitahesabu."

Wakati huo simu yangu mfukoni, kwa sababu nimesimama muda mrefu, ikadhani tumemaliza. Yule mwanamke akasema kwa furaha, watu wote wakisikia: "Hongera! Mazoezi ya leo yamekwisha."

"Yamekwisha kwako," nikamwambia. "Mimi bado."

Nikangoja mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Sikuiharakisha, moto haulishwi kwa hasira. Halafu nikaondoa mkono kwenye jiwe.

Ninyi vijana, siku hizi mna matanuri yenye bomba la kutolea moshi juu. Nimeyaona. Kuna wanaosema yanachelewesha samaki, eti wa zamani tulikuwa tunapiga magoti kwenye moshi na tulikuwa hodari. Tulikuwa hodari, ndiyo. Tafuteni sasa tuko wapi. Simameni upande upepo unapotokea, acheni bomba lifanye kazi yake, na mkianza kutazama ziwa bila kuliona, nendeni mkapimwe.

Nilifika. Nilishika kitasa kwa mikono yangu miwili ya maua meusi, nikasimama nimeuegemeza mlango paji la uso, napoza uji, napoza uji, na huko chini kina mama wakapiga vigelegele mpaka popo wakatoka darini mchana. Hamisi alinipa ufunguo. Kufuli lilikuwa limejaa vumbi, ufunguo hauingii. Nikainama, nikakunja midomo, nikapuliza taratibu mpaka mwisho. Vumbi likatoka lote, halikunirudia usoni hata chembe.

Nikafungua. Nyuma yangu nikamsikia Hamisi ametoa simu yake, anazungumza na yule mwalimu.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Utafute kwingine. Mwenye nyumba amerudi."